Kwa Nini Nilirudisha Ufunguo wa Kanisa

Changamwe, upande wa Mikindani,
mvua za vuli zimeanza

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Elia,

Shikamoo Baba, na shikamoo Mama, ambaye najua ameketi karibu nawe na hatakubali kungoja mpaka umalize kusoma. Mimi mwanenu Danieli ni mzima. Ile homa niliyowaandikia mwezi wa sita imeniacha, kimebaki kikohozi kidogo cha asubuhi. Nataka kujua mguu wako unavumiliaje baridi ya mlimani, na kama mahindi ya shamba la bondeni yalisalimika na nyani mwaka huu. Macho ya Mama je? Mwambie ile dawa ya hospitali asiitie maji ili iongezeke. Namfahamu.

Barua yako aliniletea Mwakio seremala, aliporudi kutoka likizo. Nimeisoma mara tatu. Unasema habari zangu zimepanda mlima kabla ya barua yangu: kwamba nimeacha Misheni, nimeingia siasa, na sasa ninakaa kwa Waislamu. Unasema wazee wa kanisa walikuzunguka baada ya ibada wakakuuliza, nawe ukasema tu kwamba mvua imechelewa. Unaniamuru nirudi nyumbani kabla ya Krismasi, kwa sababu nafasi ya ualimu katika shule yetu iko wazi na mwenyekiti wa shule yu tayari kunipokea bila maswali.

Kosa langu nalikiri kwanza. Nilipaswa kukuandikia mimi kabla ya watu wengine. Karatasi niliianza mara nyingi, na kila mara niliogopa kukuumiza, nikaiweka kando. Matokeo yake umeumizwa na midomo ya watu. Nisamehe kwa hilo. Kwa mengine yote naomba unisikilize kwanza mpaka mwisho, ndipo uamue kama kuna la kusamehewa.

Unaijua kazi mliyonituma. Nilikuja huku kuchunga kundi dogo la Wakristo wa Changamwe, wengi wao vibarua wa bandarini na wa machimbo ya mawe, kuwafundisha katekisimo na kuendesha ibada Padre wetu wa Kianglikana asipokuwapo. Kanisa letu lilikuwa banda la makuti lililovuja kila kona. Kisha kontrakta mwenye machimbo, Mzungu mmoja, akajitolea kutupa mawe ya kujengea kanisa la kudumu. Mawe yalikuja, mafundi wakaanza, na mwaka huu katikati ya mwezi wa tatu kuta zilikuwa zimefika madirishani. Kila jioni nilikuwa nikisimama ndani yake na kupiga hesabu ya mahali pa kuweka mimbari. Sikuficha furaha yangu. Nilikuandikia kuhusu kuta hizo, utakumbuka.

Basi Jumanne moja asubuhi nilikuwa bandani na wanawake watatu wanaojiandaa kwa ubatizo. Akaingia mwanamke wa Kiduruma ambaye sikumjua, miguu imejaa vumbi jeupe la machimbo. Hakuketi. Alifungua pindo la leso yake akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

"Mwalimu," akasema, "mimi si mtu wa kanisani. Naitwa Kadzo, mke wa Charo wa machimboni. Nimeambiwa wewe wajua karatasi. Nisomee hii."

Charo nilikuwa nimemsikia. Wiki iliyotangulia jiwe lilimwangukia mkono wa kulia likausaga. Nilikuwa nimemwombea ibadani, kwa jina lake, nikadhani nimemaliza kazi yangu.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma kimya kwanza, kisha nikamweleza kwa Kiswahili polepole. Ilisema kwamba Charo aliumia kwa uzembe wake mwenyewe, kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, na kwamba hana dai lolote kwa mwajiri wake. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba.

"Dole ni la mumeo?" nikauliza.

"Ni lake, la mkono wa kushoto, maana wa kulia umefungwa. Nyapara alimfuata hospitalini siku ya pili na kidau cha wino. Alimwambia ni karatasi ya chakula cha wagonjwa. Charo alitia dole apate uji."

Hakulia, Baba. Aliikunja ile karatasi vilevile ilivyokuwa, akaitia katika pindo. Kisha akawaangalia wale wanawake watatu na vitabu vyao vya katekisimo magotini, akaniangalia mimi.

"Nyinyi watu wa Misheni mwafundisha kusoma tangu enzi za babu zangu," akasema. "Nataka kujua. Mwafundisha kusoma nini?"

Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, wala hakuwa na dharau. Mimi niliyeshinda tuzo ya kueleza Neno kule chuoni niliiweka chaki chini.

Nikawaomba wale wanawake radhi, nikafunga kipindi, nikaondoka na Kadzo.

Tulivuka kwenda mjini siku ya pili yake, mimi na yeye, mpaka ofisi ya afisa wa kazi. Tulingojeshwa tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Afisa alikuwa kijana wa Kizungu aliyetoka vitani karibuni, mguu mmoja mzito. Nilimsomea karatasi, nikamweleza ilivyotiwa dole. Aliuliza mara mbili: "Alikuwa amelazwa? Una hakika alikuwa kitandani?" Kadzo akamjibu mwenyewe, bila kuningoja nifasiri, "Alikuwa amelala, hata kichwa hainui." Afisa akaandika. Baada ya wiki tatu jibu likaja: dole lililotiwa kwa mgonjwa kitandani, bila mtu wa kumsomea, halina nguvu. Charo akapata kutibiwa mkono mpaka upone, na kazi ya kulinda stoo ya vyombo. Vidole vitatu havikurudi. Hilo halikuwa katika uwezo wa afisa.

Habari ikaenea machimboni upesi kuliko mahubiri yangu yote ya miaka miwili. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilitoka nikakuta wanaume wamekaa nje chini ya ukuta wa kanisa jipya. Walikuwamo Wakamba, Wajaluo, Waduruma, na Wataita wenzetu, na Waislamu wawili wenye kofia zao. Charo alikuwa mbele, mkono umefungwa kitambaa. Akasema kwa niaba yao, "Mwalimu, hatukuja kubatizwa. Twataka kusoma karatasi zetu."

Niliwafundisha, Baba. Kila Jumapili alasiri, katika lile banda. Mwanzoni nilitumia kitabu cha kwanza cha Misheni, chenye picha ya bata na ya mwana-kondoo. Wakavumilia wiki mbili. Kisha mmoja wao, Mkamba aliyerudi kutoka vita vya Burma, akaniuliza kwa adabu kama katika machimbo nimewahi kuona mwana-kondoo. Nikakiweka kitabu kando. Nikawaambia watoe tikiti zao za kazi, zile karatasi za mkataba na hesabu ya siku. Tukaanza na neno *kazi*, halafu *siku*, halafu *jina*, halafu *dole*. Watu wazima wenye mikono migumu kama magome walikuwa wakifuata herufi kwa ukucha, jasho likiwatoka. Siku ile Charo alipoandika jina lake kwa mkono wa kushoto, alilitazama, kisha akauliza kama aweza kulifuta na kuliandika tena, ili ahakikishe halikutokea kwa bahati.

Nilikuwa nikifungua kwa sala fupi na kufunga kwa sala fupi. Zaidi ya hapo sikuhubiri. Lakini nakuambia kweli, sijawahi kuisikia kazi mliyonituma ikiwa karibu nami namna ile.

Mwezi wa saba ikafika siku ya kutia dole tikiti mpya. Nyapara akaweka meza na kidau chake. Watu kumi na mmoja wakasema hawatii dole mpaka mwenzao asome karatasi kwa sauti. Hawakutukana mtu, wala hawakugoma. Walisimama tu na kungoja. Mwenzao akasoma, polepole, akikwama hapa na pale, na palipokuwa na neno wasilolikubali wakasema, "Hili tueleze." Nyapara akaenda kwa kontrakta. Kontrakta akapanda gari mpaka Kisauni kwa Padre.

Padre akaniita. Unamjua, Baba, alikuja kwetu mlimani mara mbili na ukampa asali. Nisingependa umwone mtu mbaya kwa barua hii. Yeye ndiye aliyenifundisha kusimama mbele ya watu. Picha ya mwanawe aliyefia vitani iko ukutani pale barazani, na meza ya chai iko chini yake. Nilivuka daraja la kuelea la Nyali asubuhi, nikafika kabla ya jua kuwa kali. Alinimiminia chai kwa mkono wake.

"Umekula, Danieli?"

"Nimekula, Bwana."

"Kontrakta alikuwa hapa jana. Anasema hatatoa jiwe jingine mpaka darasa lako lifungwe. Lakini sitaki uamini kwamba nimekuita kwa ajili ya mawe."

"Ndivyo nilivyodhani, Bwana," nikasema. Akanitazama kidogo, maana hakujua ni lipi nililodhani.

"Tulikutuma upeleke Injili," akasema.

"Nami naipeleka."

"Kusoma mikataba si Injili. Leo mikataba, kesho mgomo, na keshokutwa utajikuta uko mbele yao umewashikia bendera. Mambo haya nimeyaona Ulaya, najua yanakoishia." Alitazama ile picha ukutani, akarudi kwangu. "Dunia inatikisika, Danieli. Kila kitu kinabadilika kwa wakati mmoja. Kanisa nalo likitikisika, watu watashika nini?"

"Bwana," nikamjibu, "Charo hakuwa na cha kushika hata kabla dunia haijatikisika. Sasa hata mkono mzima hana."

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa kwa ajili yangu. Kwamba serikali ikiniona adui hataweza kunikinga. Kwamba Misheni ina shule na zahanati nyingi za kuangalia, wala haiwezi kuzihatarisha zote kwa darasa moja la Changamwe. Nakiri hayo si maneno ya upuuzi. Nikiwa mahali pake huenda ningesema hivyohivyo. Mwishowe akanipa hiari: nifunge darasa, au nirudishe ufunguo wa kanisa na kazi. Akanipa muda hadi Jumapili ya wiki iliyofuata.

Nilitoka pale. Sikutaka kurudi Changamwe bado. Nikaenda kwa Bi. Rakeli, mzee wa kanisa hapo Kisauni, mjane ambaye familia yake ni Wakristo tangu Misheni ya kwanza kufika pwani. Nilimkuta uani juu ya mbuzi, akikuna nazi. Akanikaribisha nikae mkekani, akaendelea kukuna huku akinisikiliza. Nilipomaliza, hakunipa pole.

"Mwanangu," akasema, "bibi yangu aliteremshwa hapa pwani kutoka meli ya watumwa iliyokamatwa, akiwa msichana. Alikuwa ameibwa mbali, bara huko, wala hajui kusali sala moja. Watu wa Misheni hawakumwuliza katekisimo. Walimpa maji, wakampa nguo, akaandikiwa karatasi ya uhuru wake. Karatasi ile aliilaza kifuani miaka mingi na hawezi kuisoma. Alipojifunza kusoma alikuwa tayari ana watoto. Na kitu cha kwanza alichosoma peke yake, wallahi, hakikuwa zaburi. Ilikuwa ile karatasi. Mamangu asema alimaliza kusoma akaketi chini, akasema, kumbe nilikuwa huru kweli, si kuambiwa."

Akapangusa mikono yake kwa leso.

"Siasa mimi siijui. Lakini mtu wa Misheni akiogopa maskini asijisomee karatasi yake, huyo amesahau alikotoka."

Nikamwuliza, "Sasa unanishauri nirudishe ufunguo, Bi. Rakeli?"

"Sikushauri kitu. Ukirudisha utalala njaa, nami sitakulisha kila siku. Nakuambia tu nilichokijua." Akanifungia kipande cha mkate wa mofa nile njiani.

Usinidhanie nilikuwa shujaa, Baba. Siku tatu nzima nilijadiliana na nafsi yangu. Nilifikiria kufunga darasa kwa muda tu, mpaka kanisa liezekwe. Nilifikiria kuwafundisha kwa siri. Lakini kila njia niliyoifikiria ilikuwa na uwongo ndani yake, na mimi ningekuwa nikisimama mimbarini juu ya uwongo huo, katika kanisa la mawe mazuri. Siku ya nne nikajua. Sikusikia sauti wala kuona ndoto. Nilikuwa nikifua shati langu, nikajua, basi.

Jumapili ile, baada ya ibada, nilimkabidhi Padre ufunguo wa banda na kanzu yangu ya ibada, nimeifua na kuipiga pasi. Akauliza, "Nani atakusimamia sasa?" Nikamwambia sijui. Akasema ataniombea. Nikamwambia nami nitamwombea yeye, na wote wawili tulimaanisha. Wakristo wetu walikuwa nje wamekwisha kusikia. Mzee mmoja wa kanisa, mtu niliyemzika mkewe kwa mikono yangu, akanijia akasema, "Umetuvunjia kanisa, mwalimu." Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu lina ukweli. Kuta zimesimama palepale madirishani hadi leo, na majani yameota pale nilipokusudia mimbari iwe. Wengine hunigeuzia uso njiani. Sitakuficha kwamba kuna siku hupita njia ya mbali nisizione zile kuta.

Sasa nije kwenye hilo la Waislamu. Mzee Athmani ana duka Mikindani, la unga na mafuta na vitambaa. Babu zake ni wenyeji hapa. Siku mbili baada ya mimi kutoka katika nyumba ya Misheni, alinikuta nimekaa juu ya sanduku langu dukani kwake, nikinunua chumvi.

"Mwalimu, nasikia umefukuzwa kwa kusomesha."

"Sikufukuzwa, Mzee. Nilirudisha ufunguo."

"Haya, wewe wajua tofauti yake. Mimi nina chumba uani, hakina mtu. Na baraza hii Jumapili alasiri hukaa paka peke yao. Kusoma ni jambo la heri kwetu sisi, halina dini. Ila nina sharti moja."

"Nakusikia."

"Usinibatizie wateja."

Nikamwahidi. Naye akaniahidi hatanisilimisha, inshallah, mpaka niombe mwenyewe. Ndipo nilipo, Baba. Huko ndiko kukaa kwangu kwa Waislamu. Wakeze huniletea uji wa mtama, nami humsomea Mzee barua za wafanyabiashara wa Nairobi. Kila alfajiri adhana huniamsha, nami huamka nikasali sala zangu. Nimegundua hiyo ni saa nzuri.

Siku za kazi niko bandarini, karani katika ghala la pamba. Nasafiri asubuhi na kurudi jioni, vumbi la pamba limenijaa nywele kama mzee. Jumapili asubuhi huenda kanisani, katika banda lilelile la makuti, nikakaa benchi la nyuma na watu wote. Padre akija hunipa Meza ya Bwana kama anavyompa mwingine yeyote, na mara ya mwisho aliushika mkono wangu kidogo kabla ya kuuachia. Kwa hiyo wakikuambia nimefukuzwa kanisani, waambie waje waone ninakokaa Jumapili.

Na alasiri, barazani, tunasoma. Wako ishirini na kitu sasa, na wanawake sita wakiongozwa na Kadzo, ambaye ni mkali kuliko mimi. Mtu akikosea humwambia arudie. Sihubiri pale, kwa kuwa nilitoa ahadi. Lakini wanaume huniuliza wenyewe tukirudi njiani. Huuliza, mwalimu, nani anakulipa? Nasema hakuna. Huuliza, basi wafanya kwa nini? Na hapo ndipo ninapowaambia habari za Yule aliyenituma, kwa sababu wameniuliza na wanangoja jibu. Baba, nilihubiri miaka miwili bila kuulizwa swali hilo hata mara moja. Charo hajabatizwa. Anasema bado anaangalia. Mimi simharakishi.

Nimeyafikiria sana maneno ya Padre kuhusu dunia kutikisika. Wewe ulipoitafuta Misheni ulitembea siku mbili kuifuata, na ulipoikuta ilikuwa nyumba juu ya kilima, na wewe ukaingia. Ilikuwa vema kwa siku zako. Lakini leo watu hawako chini ya kilima wakitazama juu. Wamebebwa na treni na malori, wamepelekwa Burma na kurudishwa, wanalala kumi katika chumba kimoja na kila mmoja ana lugha yake. Vijana waliovaa viatu vya jeshi hawabishani nami kama Mungu yuko. Wanataka kujua yuko upande wa nani. Mtu hawezi kulijibu swali hilo akiwa ameketi juu ya kilima. Kulijibu inabidi ushuke ukae nao, uguse karatasi wanazozigusa, na kama kuna hasara upate fungu lako. Nafikiri huko ndiko kutumwa. Kama nimekosea, Mungu atanisahihisha, na wewe pia una ruhusa ya kujaribu. Lakini sitabadili mawazo haya kwa kuogopa.

Ndiyo maana sirudi kabla ya Krismasi, Baba, wala baada yake. Mshukuru mwenyekiti wa shule kwa niaba yangu, kwa moyo kabisa, na umwambie nafasi ile ampe Mwadime mtoto wa ndugu yako, ambaye ana subira na watoto wadogo kunizidi. Hii ni mara ya kwanza kukuambia hapana tangu nizaliwe. Nimeiandika nikiwa nimesimama, kwa heshima yako.

Kuna jambo la Mkamburi. Najua wazazi wake wameanza kunung'unika kwamba mchumba wa binti yao hana tena nyumba ya Misheni. Wana haki. Naomba Mama aende kwao, asiende na maneno mengi, aende na ndizi. Awaambie nina kazi na nina paa. Kisha aombe ruhusa amwulize Mkamburi peke yake, pembeni, kama anaweza kuishi uani kwa mtu wa duka, mahali palipo na joto na vumbi, na Jumapili isiyo na mapumziko. Akisema hawezi, sitamlaumu kamwe. Akisema anaweza, mwambieni kuna wanawake sita wanaomngoja, na Kadzo amechoka kuwafundisha peke yake.

Nisalimie dada yangu Wakesho, na mumewe, na yule mtoto mpya ambaye hata jina hamjaniandikia. Msalimie Shangazi wa kule ng'ambo ya mto, mwambie kikapu alichonisukia bado ndicho ninachobebea vitabu. Mpe salamu Mjomba mfua chuma, na bibi yetu mzaa mama, ambaye najua atauliza kama nimekonda. Mwambieni nimekonda, ila si sana. Na wale wazee wa kanisa waliokuzunguka, wasalimie wote kwa majina yao. Hakuna hata mmoja ninayemwekea kinyongo.

Jambo la mwisho, Baba, na ndilo ninalokuomba kuliko yote. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wewe ndiwe unayesimama mbele ya kanisa letu ukasoma majina ya watoto wa kanisa waliotumwa. Usiliruke langu. Lisome mahali pake, kwa sauti ileile. Na wazee wakiamua lifutwe, wape daftari na kalamu walifute wao. Wewe usiishike hiyo kalamu.

Ni mimi mwanao, ambaye bado nimetumwa,
Danieli